Kifuko kilikuwa na kazi: kisa cha saa nne katika shule moja ya msingi Tanga mjini

Mwanzoni mwa muhula, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Tanga alitoa agizo kwamba kuanzia Jumatatu hakuna chakula kitakachouzwa ndani ya uzio kikiwa kwenye nailoni, yaani vile vifuko vyembamba vya plastiki. Muhula haukufika mwisho, nailoni zikawa zimerudi, na mwalimu wa mazingira akawa amechoka kugombana na watu wazima mbele ya watoto. Muhula uliofuata ziliondoka tena, na safari hii nyingi hazikurudi. Shule yenyewe sitaitaja. Nimekifuatilia kisa hiki kwa kuwa mwanangu anasoma pale, na kwa kuwa naamini kilichobadilika kati ya mihula hiyo miwili kinaweza kuzifaa kamati za shule nyingi za pwani hii.

Iko jirani na Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Ubavuni mwa ukuta unapita mtaro wa maji ya mvua unaoelekea baharini. Kantini ya kuta na meza haipo. Kuna mwarobaini mkubwa, banda la mabati lililo wazi pande tatu, na kina mama wanaofika kabla ya kengele wakiwa na madeli, mabeseni na hotipoti. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto wanamiminika na hela ya saa nne mkononi, na kwa nusu saa uwanja unakuwa soko. Wananunua bajia, kachori, viazi karai, mihogo ya kukaanga, maandazi, karanga, ubuyu, maembe mabichi ya chumvi na pilipili, na barafu za ukwaju na za rozela. Kabla ya agizo, karibu kila kitu katika orodha hiyo kiliingia mkononi mwa mtoto kikiwa ndani ya kifuko chepesi cha kuonea ndani.

Hesabu yake inatisha hata ukiifanya kwa huruma. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Chukua shule ya watoto 800, kila mmoja aache kifuko kimoja tu kwa siku, ingawa mtoto aliyekula kachori na barafu ameacha viwili. Mwaka ukiisha ni vifuko 155,200 kutoka uwanja mmoja. Kwa uzito ni mzigo mdogo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Waokota chupa wanapita mtaani kwetu kila siku, wanapima kwa kilo na kulipa. Chupa ya maji ina mnunuzi. Kifuko chembamba kilichopakaa mafuta na pilipili hakuna anayekiokota, kwa sababu utajaza gunia zima usifikishe uzito wa kumlipa mtu nauli. Duniani kote plastiki iliyowahi kurejelezwa ni kama asilimia 9 ya ile iliyogeuka taka, na vifuko vya namna hii ni miongoni mwa vitu vya mwisho kabisa kuingia katika hiyo asilimia 9.

Vilikuwa vinakwenda wapi, basi? Wanafunzi wa zamu walivifagia asubuhi hadi kwenye shimo nyuma ya vyoo, na shimo likijaa likachomwa moto. Nimesimama darasa la nne nikauona moshi ule ukiingia dirishani wakati watoto wanaandika. Moshi wa taka zilizochanganyika na plastiki una sumu, na taka hizo zikiwa na plastiki zenye klorini ndani yake, dioksini huzaliwa humo. Vilivyopeperuka viliingia mtaroni. Masika ikianza Machi, mtaro huo unafurika, na kila kilicholala humo tangu vuli kinakwenda baharini. Bahari yenyewe ndiyo hii yenye Hifadhi ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wataalamu waliwahi kuamini ametoweka tangu zama za kale, mpaka alipopatikana hai Afrika Kusini mwaka 1938. Watoto wa Tanga wanafundishwa kujivunia samaki huyo, na wana haki ya kujivunia.

Agizo la kwanza la mwalimu mkuu lilisimama juu ya sheria, au alidhani limesimama juu yake. Kanuni za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019. Anayekutwa na mfuko wa plastiki wa kubebea anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kufungwa siku zisizozidi 7, au vyote viwili. Wakati ule rambo ziliondoka sokoni kwa kasi ambayo wengi hatukuitarajia, na Watanzania tunastahili sifa kwa hilo. Lakini kanuni hizohizo ziliacha nje plastiki za kufungashia, zikiwamo za viwandani, za kilimo, za hospitali na za usindikaji wa vyakula. Katika mwanya huo vikaingia vifuko vyembamba visivyo na mikono, vinavyoitwa vifungashio, mpaka baadaye mamlaka zikalazimika kurudi sokoni kuvisaka vile visivyokidhi viwango vilivyogeuzwa kuwa mifuko. Kwa hiyo mama mmoja alipomuuliza mwalimu wa mazingira, "Mwalimu, mbona dukani vinauzwa hadharani na Mangi hajakamatwa?", mwalimu hakuwa na jibu la kisheria la haraka. Alibaki na jibu la madaraka: hapa shuleni tumekataa. Jibu hilo ni halali, kwa kuwa shule ina haki ya kuamua kinachouzwa ndani ya uzio wake, ila halitoshi kumfanya mtu abadili biashara anayoifanya miaka yote.

Yaliyofuata yangeweza kutabirika. Baadhi ya kina mama walihamia nje ya geti, hatua chache tu kutoka pale walipokuwa, na watoto wakawafuata. Waliobaki ndani waligeukia karatasi. Shule haikosi karatasi. Madaftari yaliyokwisha, mitihani ya zamani na magazeti vyote vilianza kufungiwa bajia. Nilipoona kachori ya moto imefungwa kwenye mtihani wa sayansi wa mtoto wa mtu, wino umeyeyuka na kuingia kwenye unga, niliona tumetoka shimoni tukaingia kisimani. Wino wa uchapaji haukutengenezwa uliwe. Mafuta ya moto yanaufungua na kuuhamishia kwenye chakula. Daftari nalo limeshikwa na mikono mingi, limelala sakafuni, limebebwa kwenye begi pamoja na viatu. Wazazi walilalamika, na walilalamika kwa haki.

Wakati huohuo kulikuwa na sababu ya kweli ya kiafya ya kuiondoa nailoni, na ninasikitika kwamba haikuelezwa tangu siku ya kwanza. Mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi. Nailoni hii laini, ambayo hasa ni polithini, huyeyuka kwenye nyuzi kama 105 hadi 115, na hulegea kabla ya hapo. Bajia iliyotoka karaini na kutumbukizwa moja kwa moja kwenye kifuko inakikunja na wakati mwingine inakitoboa. Kila mnunuzi amewahi kuona kifuko kilichojikunyata na kugandana na chakula. Vitu vinavyochanganywa kwenye plastiki huhamia kwenye chakula kwa urahisi zaidi penye joto na mafuta, na bajia ina vyote viwili. Mama anayeuza bajia anawapenda wale watoto, wengine ni wajukuu zake. Angeambiwa hivyo kwa heshima tangu mwanzo, mazungumzo yangeanzia mahali pengine kabisa.

Kilichogeuza mambo ni kikao cha kamati ya shule ambacho wauzaji walialikwa. Awali walikuwa wakipewa taarifa tu, hawajawahi kuketi na kamati. Mwalimu mkuu aliwauliza swali ambalo halikuwa limeulizwa: kifuko kinakusaidia nini? Akasimama mama mtu mzima ambaye watoto wote wanamwita Bibi, muuza karanga na ubuyu.

"Mwalimu wangu, mimi sikukatalii," alisema. "Ila nikufahamishe. Usiku nikishakaanga karanga, nafunga. Nikishafunga, nahesabu. Nikija hapa na vifuko mia, nikarudi na kumi, nimejua nimeuza tisini, hela ya mtaji imo na hela ya mboga imo. Ukinambia nije na sinia nichote kwa mkono, huyu nimzidishie, huyu nimpunje, watoto watagombana na mimi, na jioni sitajua nimeibiwa au nimegawa."

"Nimekuelewa, mama yangu," mwalimu mkuu akajibu. "Hilo hatukulifikiria."

Wengine wakafuata. Muuza kachori alisema kwamba afisa afya ndiye aliyewataka wafunike chakula wakati wa kipindupindu. Mlipuko ule ulioanza Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, na wauza vyakula vya wazi walibanwa nchi nzima. Kifuko ndiyo ilikuwa njia rahisi kuliko zote ya kumwonyesha afisa kwamba chakula hakiguswi na nzi wala mikono. Muuza mihogo alisema maji hakuna. Bomba la shule liko upande wa pili wa uwanja, hufungwa asubuhi, na yeye hawezi kubeba madumu pamoja na deli. Mwingine akasema nusu saa ni fupi na watoto ni wengi, na kifuko kilichokwisha kufungwa kinampa nafasi ya kupokea hela na kutoa chenji bila foleni kugeuka vurugu.

Ukiyaweka maneno yao pamoja utaona kwamba kifuko kilikuwa kinafanya kazi nne kwa bei ndogo mno: kinapima, kinafunika, kinaharakisha, na kinaondoa haja ya maji. Agizo la kwanza liliondoa kifuko, likaziacha kazi zote nne bila mwenyewe. Hilo ndilo kosa ninaloliona katika kampeni nyingi za plastiki mashuleni: tunaanza na mabango, upandaji miti na nyimbo, wala hatumuulizi anayefunga karanga saa tano usiku kwa nini anafunga.

Baada ya kikao walikipitia chakula kimoja kimoja, na hapa kuna jambo nililolipenda kuliko yote. Ilidhihirika kwamba bajia, kachori, viazi karai na maandazi havihitaji kufungwa kabisa. Mtoto anavila palepale, dakika mbili zimekwisha. Kilichokuwa kinaleta nailoni ni chachandu. Huwezi kumpa mtoto kachori mkononi na chachandu kiganjani, kwa hiyo kachori iliingia kwenye kifuko, chachandu ikamwagiwa humohumo, kikafungwa fundo, mtoto akatoboa kona na kunyonya. Ukishaona hivyo, suala linakuwa dogo: shughulika na chachandu. Muuzaji alinunua vibakuli vidogo vya bati. Mtoto ananawa, anapewa kachori kwa koleo, na akitaka chachandu anapokea kibakuli, anakula akiwa amesimama ndani ya mstari uliochorwa kwa chokaa kuzunguka banda, kisha anakirudisha. Asiyetaka chachandu anaondoka na kachori yake mkononi. Deli linabaki na mfuniko, juu yake kitambaa safi au kawa, na afisa afya akija anakuta chakula kimefunikwa kama alivyotaka.

Karanga za Bibi zilipata kipimo kutoka barazani. Kikombe cha kahawa chungu, kile kidogo kisicho na mkono, kinabeba karanga za bei ileile ya kifuko cha zamani ukikijaza na kukipangusa juu. Walijaribu, wakakubaliana, na watoto wenyewe walisimamia haki yao kwa macho makali. Kujua alichouza anajua kwa kuchota karanga zake nyumbani kwa kikombe hichohicho kabla hajatoka na kuziweka ndani ya ndoo yenye mfuniko. Jioni anapima zilizobaki. Inamchukua muda mfupi kuliko kufunga vifuko, na alilisema hilo mwenyewe bila kuulizwa. Karanga zinamiminwa kwenye kipeto cha karatasi ya kaki isiyochapwa maandishi. Kaki inanyonya mafuta, haifai kwa mihogo ya moto, lakini kwa kitu kikavu haina shida. Mama mmoja mmoja alikuwa akiinunua dukani kwa bei ya reja. Walipokusanya hela kupitia kikundi cha vikoba cha mtaani na kununua kwa jumla, bei ilishuka hadi mahali pa kuvumilika.

Hapo nakumbuka mfano wa mbali kidogo. Shule za jiji la New York zilikuwa zikiwapa watoto chakula kwenye sinia za povu la plastiki. Mwaka 2010 zilianza kuziacha siku moja tu kwa wiki, Jumanne, na mwaka 2015 zikaungana na miji mingine mikubwa ya Marekani kuagiza kwa pamoja sahani zinazooza, kwa sababu mji mmoja peke yake usingeipata bei ile. Kule mnunuzi ni ofisi moja ya jiji. Huku wanunuzi ni kina mama wengi, kila mmoja na mtaji wake mdogo. Hesabu ya kununua pamoja, hata hivyo, ni ileile, na kikundi kile cha vikoba kiliifanya bila kufundishwa na mtu.

Ubuyu ulisumbua zaidi, kwa kuwa rangi yake inachafua shati jeupe, na mama anayefua kwa mkono haoni raha. Ulibaki kwenye kipeto cha kaki kilichokunjwa mara mbili. Mashati bado yanachafuka. Majani ya mgomba yalijaribiwa kwa mihogo. Jani likibabuliwa motoni linalainika na halipasuki ukilikunja, na wanaotoka Pongwe na Mabokweni wanayo uani. Yalifanya kazi vizuri kwa aliyeweza kuyapata. Aliyelazimika kuyanunua aliyaacha. Vifuu vya nazi vilipendekezwa na mzee mmoja wa kamati, watu wakafurahi, ikaishia hapo: kifuu kinashika mafuta na kukisafisha kwa haraka ni kazi.

Maji na hela vilichukua vikao kuliko vyakula vyote. Vibakuli vinataka kuoshwa, na kibakuli kisichooshwa vizuri ni hatari kubwa kuliko kifuko. Hilo lisifichwe kwa ajili ya kutaka kuonekana tunalinda mazingira. Mji wenye kumbukumbu ya kipindupindu hauna ruhusa ya kubahatisha. Utaratibu uliokubaliwa ni wa mabeseni matatu: la kwanza sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo alichoelekeza afisa afya, kisha vibakuli vinaanikwa juu ya kichanja bila kupanguswa na kitambaa. Mtoto wa zamu haoshi. Anayeosha ni muuzaji au msaidizi wake. Mzazi mmoja alipinga vikali wazo la awali la kuwafanya wanafunzi waoshe, akisema hawakuja shule kuwa madobi wa vyombo, na nilimuunga mkono.

Bili ya maji nani ailipe? Wauzaji walikuwa wakitoa ushuru mdogo wa kila siku kwa shule kwa ajili ya nafasi ya banda. Kamati ilikubali kwamba anayetumia vibakuli au kuuza bila kifungashio atoe nusu ya ushuru, na hiyo nusu anayotoa iingie kwenye maji na sabuni. Anayeng'ang'ania nailoni hapati nafasi ndani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kilichoushikilia mpango wote. Kabla yake, aliyeacha plastiki alipata hasara, na mwenzake aliyebaki nayo akafaidi. Baada yake, aliyeacha alianza kuona nafuu mfukoni siku ileile.

Kulikuwa na njia ya mkato iliyokataliwa, na ilikuwa vema ikataliwe. Mjumbe mmoja alitaka kila mzazi anunue bakuli na kijiko, mtoto aje navyo. Ni wazo zuri katika shule ambako kila nyumba ina uwezo sawa. Lakini tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, walimu wakuu wanaogopa, na wana sababu ya kuogopa, chochote kinachofanana na mchango wa lazima. Kuna mtoto ambaye hata hela ya saa nne hana, anakwenda kunywa maji bombani na kurudi kucheza. Ukimwekea sharti la bakuli umemwongezea kitu kingine cha kukosa mbele ya wenzake. Vibakuli kuwa mali ya muuzaji kuliondoa suala hilo. Kwa uji wa darasa la awali watoto walikwisha zoea kuja na vikombe, na hapo hapakuguswa.

Walimu nao walikuwa na lao. Wali wao wa mchana ulikuwa ukiletwa kwenye maboksi meupe ya povu, na watoto wa darasa la sita ndio waliouliza kwa nini. Walimuuliza mwalimu wa mazingira kwa adabu zote, baada ya shikamoo, na yeye akalipeleka swali ofisini kama lilivyo. Maboksi yale hutengenezwa kwa polistairini, na stairini iliyomo iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2018, katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Wali wa nazi wa moto na mchuzi wenye mafuta ndani ya boksi la namna hiyo si jambo la kulipuuza. Sasa mama lishe analeta hotipoti moja kubwa na walimu wana sahani zao kabatini. Hakukuwa na mjadala mrefu. Watu wazima wakiulizwa vizuri na watoto wanaona haya, na haya hii ina faida.

Iliyobaki ni barafu. Barafu ya ukwaju haina mbadala rahisi, kwa sababu kifuko chake ndicho chombo cha kugandishia, ndicho kipimo na ndicho cha kushikia. Mama mwenye friji anajaza vifuko vyembamba jioni, anafunga fundo, asubuhi vimekuwa vijiti vya barafu. Mtoto anang'ata kona na kunyonya njia nzima. Kifuko chake ndicho kinachosafiri mbali kuliko vyote, kwa kuwa mtoto hasimami banda lilipo. Muuzaji mmoja aliyebaki ndani amegeukia juisi ya baridi kwenye ndoo ya bomba, vipande vya barafu vikielea humo, anamimina kwenye vikombe vya bati vinavyorudishwa. Juisi yake ni nzuri na watoto wanainywa. Ila ladha ya kunyonya barafu iliyoganda mchana wa Februari hapa Tanga, wakati hata kivuli cha mwarobaini kina joto, haipatikani kwenye kikombe, na mtoto hadanganyiki. Ndiyo maana barafu zimehamia getini, na zinauzika kuliko mwanzo.

Biskuti na vitafunwa vya pakiti za kiwandani viko nje kabisa ya uwezo wa kamati. Pakiti ile ing'aayo ni plastiki na madini ya alumini vilivyogandishwa tabaka juu ya tabaka, haioshwi, hairejelezwi kwa njia ya kawaida, na mama wa banda hakuitengeneza. Tumeona kinachowezekana Serikali ikishika mwanzo wa mnyororo: pombe za viroba zilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na kwa sababu zilizuiwa kiwandani na dukani, hakuna mwalimu aliyelazimika kugombana na mtu getini. Kumtaka mwalimu wa mazingira wa shule ya msingi afanye kazi ya viwango na viwanda ni kumwonea.

Ndani ya uzio, basi, hali imebadilika kwa namna inayoonekana. Shimo la nyuma ya vyoo halichomwi tena kila mara, maana kinachoingia humo sasa ni majani, kaki na maganda ya maembe, na sehemu yake inakwenda kwenye bustani ya mchicha ya shule. Mtaro una vifuko bado. Vingi ni vya barafu na vya mitaa ya juu ambayo haina uhusiano na shule. Wauzaji wawili waliohama muhula wa kwanza wameomba kurudi ndani, wakivutiwa na nusu ya ushuru. Mmoja alishindwa gharama ya vibakuli akaacha, sasa anauza mkaa nyumbani kwake. Huyo asisahaulike tunapohesabu mafanikio, kwa sababu mtaji wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake na hakuna aliyemkopesha.

Kamati imepanga kulipeleka suala la getini kwa serikali ya mtaa na kwa diwani. Baadhi ya wajumbe wanataka wauza barafu waondolewe kwa mgambo. Mimi sikubaliani nao, na nimesema hivyo kikaoni. Mgambo watawahamisha hadi kona inayofuata, na kitakachomwagika ni mtaji wa mama mwenye friji moja. Ninachopendekeza ni waitwe waketi kama wenzao walivyoketi, waulizwe swali lilelile, na ushuru wao wa mwanzo uwe vikombe vya bati watakavyokopeshwa na shule na kuvilipa kidogo kidogo kwa mauzo. Pia mwenye friji anaweza kugandisha kwenye vikombe vyenyewe, kijiti kimesimama katikati, akavichovya kwenye maji ili barafu iachie. Mama mmoja wa Chumbageni anafanya hivyo kwa watoto wa jirani zake na vikombe vyake havitoki uani. Ikiwa njia hiyo inaweza kuhimili foleni ya saa nne, itajulikana muhula huu, kwa kuwa amekubali kuja kuijaribu siku za Ijumaa.